Kalafati: kumbukumbu ya mradi wangu wa katuni ya kurasa 16

Februari: mpango

Mradi ni kitabu cha katuni cha kurasa 16, nyeusi na nyeupe, hadithi moja mwanzo hadi mwisho. Kinaitwa *Kalafati*. Msichana aitwaye Tatu amemaliza mtihani wa darasa la saba na anasubiri matokeo. Kutwa anashinda ufukweni Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa babu yake, Mzee Hamisi, fundi wa boti za mbao. Anataka afundishwe kukalafati, kuziba nafasi za katikati ya mbao kwa pamba na mafuta ili boti isiingize maji. Babu anamwambia kazi hiyo si ya mtoto anayengoja sekondari. Hadithi nzima ni mabishano yao huku kazi ikiendelea. Ni miaka ya 1990, taa za karabai bado zinawaka ziwani usiku na meli ya Liemba iko safarini.

Kurasa ni 16 kwa sababu ya uchapaji. Kitabu cha kukunja na kupiga pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4, na karatasi nne za A4 zikichapwa pande mbili na kukunjwa zinatoa kurasa 16 za A5. Nachora kwenye A3, kisha inapunguzwa hadi nusu ya upana na nusu ya urefu. Mstari wa milimita 0.6 kwenye meza yangu unakuwa wa milimita 0.3 mkononi mwa msomaji, na herufi nazo zinapungua hivyo hivyo. Hesabu hiyo nimeibandika ukutani.

Mwalimu wa darasani sina. Nimeamua kila hatua ya kitabu niisome kwa mchoraji mmoja aliyenitangulia, na nisimwendee bila swali. Mafunzo mengi ya video yanakuonyesha jicho, pua, misuli ya mkono. Ni mazuri, nimeyatumia. Ila ukurasa wa katuni ni jambo jingine. Aliyeuchora aliamua msomaji asimame wapi, aone nini kwanza, na nini asionyeshwe kabisa. Maamuzi hayo yamechapwa pale pale, mtu yeyote anaweza kuyasoma akitulia. Hayo ndiyo ninayoyafuata.

Bado Februari: wahusika

Nilianzia nyumbani. Kwa watu wengi wa Tanzania waliokua kuanzia miaka ya 1980, shule ya kwanza ya katuni ilikuwa jarida la SANI. Jina lenyewe ni la waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo walikuwamo Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge na Pimbi. Mchoraji Philip Ndunguru, aliyefariki akiwa bado kijana, ndiye mkono mkubwa nyuma ya wahusika hao, na baada yake wachoraji wengine waliwaendeleza. Kabla ya SANI kulikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, na ng'ambo ya mpaka, Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyeanza kuchorwa miaka ya 1950 na kudumu miongo mingi kwenye Taifa Leo.

Swali langu kwao lilikuwa moja: mhusika anawezaje kubaki yeye yule hata mkono ukibadilika? Nimejibiwa kwa kunakili. Mhusika anayedumu ana umbo linalotambulika hata ukimpaka wino mweusi mwili mzima. Basi nimechora Tatu na Mzee Hamisi kama vivuli vitupu, bila macho wala mdomo. Mzee ni mfupi, mpana mabegani, ana baraghashia na mgongo uliozoea kuinamia mbao. Tatu ni mrefu kupita umri wake, miguu kama ya korongo, mtandio umefungwa kiunoni. Nikiwaweka mbali kabisa ufukweni, kila mmoja akiwa na urefu wa sentimita moja, bado unajua nani ni nani. Sura zao nilizichora mwisho.

Jambo moja linaniuma na nitalisema. Nakala za zamani za SANI zinachakaa majumbani na kutupwa. Hizo ndizo vitabu vyetu vya kiada. Mwenye rundo lake chini ya kitanda, tafadhali alitunze mahali pakavu, na akiweza alipige picha ukurasa kwa ukurasa.

Machi: watu wawili wanaongea

Kurasa za 4 hadi 7 ni maongezi. Babu anapiga nyundo, Tatu anauliza, Babu anakataa, Tatu anauliza tena. Kwenye maandishi yanapendeza. Kwenye karatasi ni vichwa viwili vinavyotazamana kurasa nne.

Hapa nilimwendea Wally Wood, mchoraji katuni wa Marekani aliyeishi kati ya 1927 na 1981. Studio yake ilikuwa na wasaidizi vijana, na kazi ilikuwa ya kukimbizana na tarehe. Basi alijikusanyia mifano ya fremu, yaani visanduku vya michoro vinavyojaza ukurasa, zinazofaa kila mara mwandishi anapokuletea watu waliokaa tu wakiongea. Ni fremu 22. Larry Hama, aliyewahi kuwa msaidizi wake, baadaye alizibandika zote kwenye ukurasa mmoja ili wachoraji wengine wazitumie, na tangu hapo ukurasa huo unapigwa kopi na kopi ya kopi, mkono kwa mkono, hadi ukaenea dunia nzima. Hata mimi niliupata kama kopi iliyofifia.

Ninachokipenda ni kwamba ukurasa ule haukuanza kama somo. Ulikuwa dawa ya tatizo la mtu mwenye kazi nyingi. Ndiyo maana hauna nadharia. Unakuonyesha kisogo cha mtu mbele na anayeongea naye kwa mbali. Unakuonyesha watu wakiwa weusi tii na nyuma yao mwanga, au watu wadogo sana ndani ya mandhari kubwa. Kuna kitu kimoja kikubwa mbele na watu nyuma yake, kuna kutazama kutoka juu, kuna jicho lililojaza fremu nzima, kuna sura ndani ya maji au kioo, kuna kivuli kilichoanguka ukutani.

Nimezichora zote upya, kila moja ikiwa na Tatu na Babu kwenye ufukwe wao. Kazi hii ilinifundisha kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kila fremu ilinilazimisha kuuliza: Ujiji, hiki kitu kingekuwa nini? Kivuli cha ukutani kikawa kivuli cha Babu juu ya ubavu wa boti isiyokamilika, mkono umeinuliwa na nyundo. Kitu kikubwa cha mbele kikawa patasi iliyochomekwa kwenye gogo. Fremu ndani ya fremu ilikuja yenyewe: ukikaa ndani ya boti ambayo bado ni mataruma matupu, yaani mbavu zake tu, unamwona mtu aliye nje kupitia nafasi kati ya taruma na taruma, kama aliye nyuma ya nondo za dirisha. Hiyo nimempa Tatu pale anapokataliwa mara ya pili. Babu yuko ndani na kazi yake, Tatu yuko nje. Hakuna neno lolote kwenye fremu hiyo, na nadhani ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kuchora.

Nimegundua pia kwamba fremu hizi zina hatari yake. Ukizitumia zote kwa pamoja ukurasa unapiga kelele, kila fremu inataka kusifiwa. Sasa nina utaratibu: kwa kila ukurasa wa maongezi, fremu moja tu ya mshangao, nyingine ziwe tulivu, watu waonekane kiunoni kwenda juu kwa usawa wa macho. Kwenye ukurasa wa 5 mshangao ni kuangalia kutoka juu, Babu na Tatu wakiwa wadogo pembeni mwa boti inayojaza fremu kama samaki aliyepasuliwa. Msomaji anaona kwa mara ya kwanza ukubwa wa kazi wanayobishania.

Aprili: muda

Ukurasa wa 9 ndio moyo wa kitabu. Babu ameondoka kwenda kuswali, Tatu anachukua nyundo na pamba na kuanza kuziba ufa mmoja peke yake. Nilitaka msomaji akae pale kwa muda ambao kazi yenyewe inachukua.

Will Eisner (1917 hadi 2005) ni mtu wa kumwuliza kuhusu muda. Kuanzia Juni 1940 hadi 1952 alitoa *The Spirit*, hadithi ya kurasa 7 kila Jumapili ndani ya magazeti ya Marekani. Mojawapo ya hadithi hizo, ya mwaka 1949, inahusu dakika kumi za mwisho za maisha ya kijana mmoja, na imepangwa ili msomaji aisome kwa takriban dakika hizo hizo kumi. Jules Feiffer, aliyekuja kuwa mchoraji na mwandishi mashuhuri, aliingia studio ya Eisner akiwa kijana mdogo na akaanza kwa kazi ndogo ndogo za msaidizi. Baadaye Eisner alifundisha kwenye School of Visual Arts, New York, na mwaka 1985 masomo yale yakatoka kama kitabu, *Comics and Sequential Art*. Amefundisha kwa njia zote tatu: kwa kazi iliyochapwa, kwa kumweka kijana mezani pake, na kwa darasa.

Somo lake nililolichukua: fremu ni kipimo cha muda. Fremu nyingi nyembamba hufanya muda uende kwa mapigo, na fremu moja pana husimamisha. Nilipanga ukurasa wa 9 kwa namna mbili kwenye vijichoro vidogo, fremu 4 na fremu 9. Zile 4 zilikuwa na michoro mizuri zaidi. Nimechagua 9, zote sawa, safu tatu za tatu. Mkono unasokota pamba. Mkono unaweka. Nyundo juu. Nyundo chini. Nyundo juu. Na nafasi nyeupe kati ya fremu na fremu inakuwa pigo lenyewe, unalisikia.

Kuna kazi nyingine ya Eisner ambayo wapenzi wa katuni huipita haraka, na kwangu ina thamani kubwa. Kuanzia mwaka 1951 alichora kwenye *P\*S*, jarida la jeshi la Marekani la kuwafundisha askari kutunza magari na vifaa. Ni katuni za kukuonyesha namna ya kukaza nati na kukagua mafuta. Ukurasa wangu wa 10, Babu anaporudi na badala ya kugomba anamwonyesha Tatu kosa lake, ni ukurasa wa aina hiyo. Msomaji akifika mwisho wake ajue kukalafati kunafanywaje. Nimeuchora kutoka macho ya anayefanya kazi: unaona mikono miwili kama vile ni yako, ufa uko mbele yako, pamba inaingia kwa patasi butu. Sura ya Babu haionekani hata mara moja, sauti yake tu kwenye viputo vya maneno.

Mei: kurasa bila maneno

Rafiki yangu alirudi kutoka Lubumbashi na albamu mbili za katuni za Barly Baruti, mchoraji wa Kongo. Moja ni *Madame Livingstone*, aliyoichora kwa hadithi aliyoiandika na Christophe Cassiau-Haurie, ikatoka mwaka 2014. Iko kwa Kifaransa, nami Kifaransa sikijui.

Baruti alizaliwa Kisangani mwaka 1959. Akiwa kijana alipata nafasi ya mafunzo Brussels, kwenye studio ya Hergé, mchoraji wa Tintin. Aliporudi alishiriki kuanzisha Acria mjini Kinshasa, karakana ya kuwafundishia vijana kuchora. Aliyoyapata hakuyafungia sandukuni.

Na kitabu hiki kinanihusu kwa namna ya pekee, kwa sababu kinatokea kwenye ziwa langu. Ni Vita Kuu ya Kwanza, ofisa wa Kibelgiji amefika Ziwa Tanganyika kuiwinda meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, na anayemwongoza ni chotara wa ajabu anayesemekana kuwa mtoto wa Livingstone. Meli ile ndiyo Liemba yetu. Ilitengenezwa Papenburg, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Mtu wa ng'ambo ya pili ya maji ameichora hadithi ambayo mimi niliisikia upande huu kwa wazee.

Kutojua lugha kumekuwa faida. Nilisoma albamu nzima kwa picha tu, kisha nikaandika kwenye daftari ninachodhani kinatokea, ukurasa kwa ukurasa. Ndipo rafiki yangu akanitafsiria. Majina na tarehe sikuweza kuzikisia, hilo liko wazi. Lakini nani anamdharau nani, nani anaficha jambo, wapi hofu inaanza, hayo yote nilikuwa nimeyapata. Yalikuwa kwenye mabega, kwenye umbali kati ya mtu na mtu, kwenye nani amekaa na nani amesimama.

Nimelifanya zoezi hilo kuwa kipimo cha *Kalafati*. Kurasa zangu za penseli nimezipiga picha bila viputo nikawapa watu watatu: dada yangu, jirani ambaye ni fundi seremala, na kijana wa duka la vifaa vya shule ninakonunua karatasi. Nimewaomba wanisimulie. Jirani aliniambia kitu cha kunifaa sana, kwamba anavyoshika nyundo Tatu kwenye ukurasa wa 3 anaonekana ameshaizoea, na mtoto ambaye hajafundishwa hushika karibu na kichwa cha nyundo. Nimeubadilisha mkono. Sasa mshiko wake unasogea nyuma kidogo kidogo kwenye mpini kadiri kurasa zinavyokwenda, na kwenye ukurasa wa 14 anashika mahali pale pale Babu anaposhika. Hakuna kiputo kitakachosema hivyo.

Juni: Jumamosi

Kijana wa duka la vifaa anachora. Alinionyesha daftari lake baada ya kuona kurasa zangu, na sasa Jumamosi anakuja na mwenzake. Tunakaa barazani, kila mtu na karatasi yake.

Nimewasimulia habari za Tokiwa-so, nyumba ya vyumba vya kupanga mjini Tokyo. Osamu Tezuka, mchoraji mkubwa wa katuni wa Japani, alihamia pale mwaka 1953, na wachoraji vijana wakamfuata. Miongoni mwao walikuwa Hiroshi Fujimoto na Motoo Abiko, marafiki wawili kutoka mji wa Takaoka waliotumia jina moja la Fujiko Fujio. Walikuwa wameduwazwa na kitabu cha Tezuka cha mwaka 1947, *Kisiwa Kipya cha Hazina*, kilichoanza na gari linalokwenda kasi kama vile unatazama sinema. Walimfuata nyumbani kwake kumwonyesha michoro yao wakiwa bado wanafunzi. Tezuka alipohama Tokiwa-so, wao ndio walioingia chumba chake. Fujimoto ndiye aliyekuja kutuletea Doraemon, yule paka wa roboti. Shotaro Ishinomori naye alikuwa mwanafunzi wa sekondari aliyekuwa akituma kazi zake kwenye jarida, Tezuka akaziona na kumwita amsaidie kwenye *Astro Boy*. Nyumba ile ilibomolewa mwaka 1982, na mwaka 2020 ikajengwa upya kama makumbusho.

Kijana akauliza, "Kaka, sisi Tezuka wetu ni nani?" Nilimtajia Gado, Godfrey Mwampembwa, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 na kwenda Nairobi mwaka 1992 kuchorea Daily Nation. Nikamtajia Frank Odoi, Mghana aliyeishi na kufanya kazi Nairobi hadi kifo chake mwaka 2012, aliyetuachia katuni ya *Akokhan*. Na Terry Hirst, Mwingereza aliyekuja Kenya kufundisha sanaa, kisha mwaka 1973 akaanzisha jarida la *Joe* pamoja na Hilary Ng'weno. Ila nilimwambia pia kwamba Joe Kubert, aliyefungua shule yake ya katuni huko Dover, New Jersey, mwaka 1976 pamoja na mkewe Muriel, alikuwa ameshachora kwa miongo mingi kabla ya kufungua mlango ule. Huku kwetu hakuna sababu ya kungoja mlango wa namna hiyo. Meza ipo, wino upo.

Zoezi nililowapa ni lile la Wood, lakini wasichore ufukwe wangu. Mmoja amechagua kibanda cha kinyozi, mwingine jiko la mama yake. Yule wa jikoni amechora sura ya mama ndani ya mfuniko wa sufuria, imepinda kwa mviringo wa bati, mvuke umeikata nusu. Mimi nilikuwa nimeitumia ile fremu ya sura kwenye maji kwa sababu nina ziwa. Mfuniko haukunijia kabisa. Nimemwomba ruhusa ya kuutumia kwenye ukurasa wa 12, Bibi anapoleta chakula ufukweni, na amekubali. Jina lake litaandikwa ndani ya jalada.

Hali ilivyo sasa

Penseli imekamilika kurasa zote 16. Wino umefika ukurasa wa 8, viputo bado. Natumia brashi kwa maji na nguo, kalamu ya nibu kwa mbao na zana, kwa sababu mbao zinataka mstari mkavu na maji hayautaki. Weusi mkubwa najaza baada ya kuskani, ndani ya Krita, ambayo ni programu ya bure. Naokoa wino na karatasi haikunjamani.

Kilichobaki kuamuliwa ni maandishi. Herufi za kompyuta ni za haraka na zinasomeka, lakini zinakaa juu ya michoro kama kibandiko. Nimeandika ukurasa wa 1 kwa mkono, herufi za milimita 6 ili zikipunguzwa ziwe za 3, na nimeupeleka kwenye mashine ya kuchapia ili niuone kwa ukubwa wake halisi. "Ng'" na "ng" zinahitaji nafasi zaidi ya niliyoziachia kwenye viputo vya Babu, kwa hiyo viputo vya ukurasa wa 2 na wa 3 navipanua kabla sijavipiga wino. Jumamosi ijayo tunaandika herufi sote watatu, na mwenye mkono unaosomeka kuliko wa wenzake ndiye atakayeandika kitabu.